Mgeni wa MUD aanze kwa kuuliza, si kwa upanga

Roy Trubshaw alipoanza kuunda MUD katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, mwaka 1978, kabla Richard Bartle hajaiendeleza, alizaa mchezo wa kompyuta wa maandishi matupu unaochezwa na watu wengi kwa pamoja. Kwa kuwa kila kitu humo ni maandishi na wachezaji wengine wapo, naamini mgeni asikimbilie kupigana. Aandike amri ya kutazama, asome maelezo ya chumba hadi mwisho, aandike herufi n kwenda kaskazini, kisha ajue amri ya kusema. Wapo wanaoona mwongozo unatosha. Mwongozo ni muhimu, lakini aliyepotea gizani bila taa husaidiwa upesi zaidi na mchezaji aliye naye chumbani, na wakongwe wengi hujibu wakiulizwa kwa adabu.