Watumishi wa Maafa Wahesabiwe kwa Saa

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander I ilizama katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba, na watu zaidi ya 200 wakapoteza maisha. Wavuvi walikuwa miongoni mwa waokoaji. Wapiga mbizi iliwabidi waletwe kutoka Afrika Kusini. Mwezi Julai 2012 ikafuata MV Skagit, karibu na Chumbe.

Sheria Namba 1 ya mwaka 2015 ilituletea Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa. Hilo ni jambo jema. Lakini sheria peke yake haiokoi mtu; waokoao ni watumishi.

Ikama ya chombo kama hicho haifai kupangwa kama ya ofisi inayofungwa alasiri. Juma lina saa 168. Mtumishi wa saa 40 kwa juma hawezi kushika hata robo yake. Kwa hiyo kiti kimoja kisichoachwa wazi usiku na mchana chahitaji watu 5, kwani wapo wa likizo na wapo wagonjwa. Mwenye kuweka watu 3 anajidanganya.

Aidha, Pemba hapana budi iwe na zamu zake kamili, kwani bahari ikichafuka msaada wa Unguja huchelewa. Wavuvi nao waandikishwe, wafunzwe, na warejeshewe gharama za mafuta na vyombo vyao.

Gharama ipo, hatukatai. Lakini tahadhari ni kabla ya hatari. Mwenye kungoja maafa ndipo aajiri, amekwisha chelewa.