Kona ya Walimu: Feni zinazunguka, kioo ni cheusi

Mwezi huu hatuendelei na somo la kuandika barua ya kuomba kazi kama tulivyoahidi. Tutaongea juu ya ile kompyuta. Maneno yamekuwa mengi kwenye bomba la maji na kwenye foleni ya mgao, na sisi walimu tunaona afadhali watu wote wasikie habari moja.

Mnajua ilivyoanza. Familia 28 za darasa la jioni zilichanga pesa, na tunajua wengine waliuza mafuta ya mgao ili wapate fungu lao. Kompyuta iliyo tayari ilikuwa bei kubwa, kwa hiyo tukakubaliana kununua vipande na kuviunganisha wenyewe. Vipande vikaletwa kutoka mjini, na kijana wetu mmoja, aliyewahi kujifunza ufundi kwenye kibanda cha simu, akaviunganisha kwa siku mbili. Jumamosi tukawaita wazazi waje kuona.

Akabonyeza swichi. Feni zikazunguka, taa ikawaka, watu wakapiga makofi. Kioo kikabaki cheusi. Tukangoja. Kioo kikaandika kwamba hakipati ishara, halafu kikalala.

Mama mmoja akauliza, “Mwanangu, hiyo ndiyo sabuni yetu imelala hapo?” Watu wakacheka, lakini yeye hakucheka. Mpaka jioni habari zilishafika kila kijiji kwamba kijana ametoa memori mpya akaweka mbovu. Yeye mwenyewe alikaa nje ya darasa, bisibisi mkononi, hasemi na mtu.

Tuseme ukweli, hata sisi walimu tulianza kuwa na mashaka. Hatukumwambia, lakini tulikuwa nayo.

Sasa tuelezane kitu kimoja ambacho kilitupotosha sote. Feni kuzunguka si dalili kwamba kompyuta ni nzima. Ni dalili kwamba umeme umefika kwenye feni, basi. Ukiwasha, ule ubao mkuu ambao mafundi wanauita mazabodi unajikagua kwanza: prosesa ipo? Memori ipo? Kuna kitu cha kutoa picha? Ukaguzi huu ulikuwepo hata kwenye kompyuta ya IBM iliyotoka mwaka 1981. Kimoja kikikosekana, ubao unasimama hapo hapo na kioo hakipati chochote. Ndiyo maana tulipoteza saa nzima bure tukibishana kama ni kwa sababu Windows haijawekwa. Windows na hadi diski zinakuja baadaye kabisa. Kompyuta isiyo na diski hata moja inatakiwa ionyeshe maandishi kwenye kioo.

Jumapili baada ya ibada tulikaa tena na kijana, pamoja na mzee mmoja ambaye alikuwa anatengeneza redio huko Uvira. Mzee hajawahi kufungua kompyuta. Lakini alisema, “Wanangu, jana mliguza vitu vitano kwa mara moja. Guseni kimoja, mjaribu, ndipo mguse kingine. La sivyo hata ikipona hamtajua dawa ni ipi.” Tukafanya hivyo.

Tulianza na kioo, kwa sababu ni rahisi. Tulikichukua pamoja na waya wake, tukakichomeka kwenye ile kompyuta ya zamani ya ofisi ya shule. Kikaonyesha picha vizuri. Kwa hiyo kioo na waya si wagonjwa. Na ninyi mlio na kioo chenye soketi mbili, ya VGA na ya HDMI, angalieni kwanza kwa vitufe vya kioo chenyewe kama kimechagua ile uliyochomeka. Watu wengi wamefungua kompyuta bure kumbe kioo kinasikiliza mlango mwingine. Halafu kama kompyuta ina kadi ya picha peke yake, waya wa kioo unaingia kwenye kadi hiyo, siyo kwenye ile soketi iliyo karibu na matundu ya USB. Soketi ya ubao mara nyingi inazimwa kadi ikiwepo.

Sisi hatuna kadi, kwa hiyo tukajiuliza juu ya prosesa. Hapa sikilizeni vizuri ninyi mnaotaka kutuma pesa mjini, kwa sababu kosa hili halitibiki kwa bisibisi. Si kila prosesa inaweza kutoa picha yenyewe. Zile za Intel ambazo namba yake inaishia na herufi F, zilizoanza kuuzwa 2019, hazina sehemu ya picha. Za AMD Ryzen za kompyuta ya mezani, kuanzia mfululizo wa 1000 mpaka 5000, ni zenye herufi G tu ndizo zinatoa picha. Ryzen 5 5600G inatoa, 5600 bila G haitoi. Kuanzia mfululizo wa 7000 wa mwaka 2022 nyingi zinatoa, isipokuwa zenye F. Ukinunua isiyotoa, lazima ununue na kadi, na kadi inaweza kumeza pesa kuliko vile vingine. Mwambieni muuzaji aandike namba yote kwenye risiti, na herufi ya mwisho. Ya kwetu tulisoma kwenye risiti, ni ya kutoa picha.

Basi tukafungua sanduku. Kwanza tulichomoa waya wa umeme, tukabonyeza swichi ya kuwashia kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki uishe, tukagusa chuma cha sanduku kutoa ule umeme wa mwilini. Kiangazi hiki hata ukivua sweta unasikia unalia.

Waya mnene wa pini 24 ulikuwa umeingia. Lakini kuna mwingine mdogo, wa pini 4 au 8, unaoingia kwenye kona ya juu karibu na prosesa. Huo ndio unaoilisha prosesa. Tuliukuta umelala nyuma ya nyaya nyingine, haujachomekwa popote! Kijana alishika kichwa. Tukauchomeka mpaka ukalia ta, tukarudisha umeme, tukawasha.

Cheusi.

Hapo tukaelewa kwa nini Jumamosi tulichanganyikiwa. Makosa yalikuwa mawili, na ukitibu moja ugonjwa unaonekana uleule. Kama si lile neno la mzee, tungeuchomoa tena ule waya tukisema hauhusiki.

Tukazima, tukachomoa umeme, tukatoa memori zote mbili. Moja ilikuwa imeingia upande mmoja tu, kile kikamatio cha upande wa pili hakikujifunga. Kwa macho huoni, lazima upitishe kidole. Tulisugua meno yake ya rangi ya dhahabu polepole kwa kifutio cha penseli, tukapuliza vumbi kwenye nafasi yake, tukarudisha moja peke yake. Watu wanaogopa kusukuma memori. Jamani, inataka nguvu kidogo, usukume sawasawa pande zote mpaka vikamatio vijifunge vyenyewe. Isipoingia kabisa usilazimishe, angalia kama lile pengo lake limelingana na kinundu cha kwenye ubao. Kama haliwezi kulingana, basi ni memori ya aina nyingine: DDR3 haiingii mahali pa DDR4.

Tukawasha. Sekunde kama kumi, halafu maandishi meupe! Wanafunzi waliokuwa dirishani walipiga kelele mpaka mlinzi akaja kuuliza kuna nini.

Tukazima, tukaongeza memori ya pili. Picha ikarudi. Tukaingia kwenye ukurasa wa mipangilio wa ubao wenyewe, ambapo imeandikwa jina la prosesa na kiasi cha memori. GB 8, yaani mbili za GB 4. Prosesa ileile. Tukaweka risiti pembeni ya kioo, tukasoma mstari kwa mstari mbele ya wawakilishi wawili wa wazazi. Hakuna kilichobadilishwa. Risiti sasa imebandikwa kwenye ukuta wa darasa, kila mzazi anaweza kuja kulinganisha.

Yule mama alikuja Jumatatu na binti yake, akamwambia amsomee. Binti akasoma yote. Mama alinyamaza kidogo, halafu akamwambia kijana, “Mwanangu, nilikusema vibaya. Jioni uje ule kwetu.” Kijana alikwenda. Sisi pia tulimwomba radhi kwa yale mashaka yetu, na tunaandika hapa kwa sababu maneno mabaya yalisemwa hadharani.

Kwa ninyi ambao hata baada ya hayo bado ni giza, tuongeze machache. Kale kabetri ka duara, CR2032, kanatunza mipangilio ya ubao. Chomoa umeme, katoe kwa dakika tano, karudishe. Kama bado, toa ubao wote nje ya sanduku, uweke juu ya katoni kavu na prosesa na feni yake, memori moja, na umeme, basi. Ikitoa picha hapo, ugonjwa uko kwenye sanduku, mara nyingi ni skrubu au kijiguu cha chuma kinachogusa ubao kwa nyuma. Memori za DDR5 nazo zinahitaji uvumilivu, kuwashwa mara ya kwanza zinaweza kukaa giza dakika kadhaa zikijipima. Na ubao wa zamani wakati mwingine haujui prosesa iliyotoka baada yake, mpaka fundi ausasishe.

Kitu kimoja cha hatari. Pawa saplai za zamani zina kaswichi kekundu nyuma kenye namba 115 na 230. Umeme wetu ni wa 230. Ukikaacha kwenye 115 itapasuka kwa kishindo na moshi. Na usifungue sanduku la pawa saplai lenyewe, hata kama limechomolewa. Ndani linatunza umeme.

Darasa limeanza Jumatatu na Alhamisi saa kumi jioni, kabla betri za sola hazijachoka. Wanafunzi wawili kwa kiti, dakika ishirini kila zamu. Karatasi ya majina iko mlangoni, na yule kijana ndiye anayeishika.