Mataji ya Dorrance Hayakuokotwa

Mwandishi aliyedai kwamba kocha Anson Dorrance alibahatika tu kuwahi pale Chuo Kikuu cha North Carolina ametupa nusu ya habari. Ni kweli, alipoanza kufundisha timu ya soka ya wanawake mwaka 1979, vyuo vya Marekani vyenye timu ya namna hiyo vilikuwa vichache. Mataji yake ya mwanzo ya vyuo, haya, tuyapunguze bei. La 2012 je? Kufikia hapo timu za daraja la kwanza zilizidi 300, na bado alilibeba.

Kuwahi hakuelezi alichofanya mazoezini. Mbinu aliichukua kwa Dean Smith, kocha wa mpira wa kikapu wa chuo hichohicho: kila zoezi lina mshindi, matokeo yanaandikwa, kisha orodha inabandikwa ili kila mchezaji ajione ni wa ngapi. Hata nyota wake Mia Hamm alipimwa hivyo. (Mwandishi huyo angesema huo ni ukali uliopitiliza, ningemsikiliza.) Baadhi ya mabinti hao ndio aliokwenda nao China 1991 akiwa kocha wa timu ya taifa ya Marekani, wakatwaa Kombe la kwanza la Dunia la wanawake. Norwei waliofungwa 2-1 fainali, nao walikuwa hawajaamka?