Kabla ya Kustaafu, Uliza Pesa Zako Ziko Wapi

Mei 2025 serikali ilikodisha viwanda vinne vya sukari vya umma kwa wawekezaji wa kibinafsi kwa muda wa miaka 30. Kimoja ni kiwanda cha Sony kilichoko Awendo, kaunti ya Migori, ambacho kilipewa kampuni ya Busia Sugar Industry. Wanasiasa walisema mengi, wakulima wakasema yao, na chama cha wafanyakazi wa sekta ya sukari kikapinga. Huku Pwani wengi tuliisoma habari hiyo kama habari ya watu wa mbali, tukaipita.

Mimi naiona ni habari yetu. Mtu aliyeingia kiwandani akiwa kijana wa miaka 25 na sasa ana miaka 54, anaamka asubuhi na swali moja kichwani: niombe kazi kwa mwajiri mpya, nihamie kwingine, au nichukue changu niende nyumbani? Swali hilo wameulizwa wenzetu wa Kwale, pale Base Titanium ilipofunga uchimbaji Desemba 2024. Wazee wetu wa Ramisi waliulizwa swali hilohilo kiwanda chao cha sukari kilipoanguka mwishoni mwa miaka ya 1980. Kesho litaulizwa bandarini, hotelini au katika ofisi ya kaunti.

Rai yangu ni fupi. Watu hudhani uamuzi wa kustaafu ni wa umri au wa uchovu. Kwa hakika ni uamuzi wa hesabu, na hesabu yenyewe si ya pesa zilizoandikwa kwenye karatasi, bali ya zile zilizokwisha kulipwa. Anayeambiwa achague ilhali haki yake bado iko mikononi mwa mwajiri, huyo hajapewa hiari. Amewekwa foleni.

Tuanze na umri, maana ndio unaozungumzwa sana. Hadi mwaka 2009 mtumishi wa umma Kenya alistaafu akiwa na miaka 55. Mwaka huo serikali ikapandisha umri huo hadi 60; kwa watu wenye ulemavu umri huo ni 65. Waziri wa Utumishi wa Umma wakati huo alikuwa marehemu Dalmas Otieno, mbunge wa Rongo, mji ulio jirani na Awendo. Vijana walilalamika kwamba wazee wamekalia viti. Wenye miaka 54 wakashukuru, kwani walikuwa na watoto shuleni na mikopo haijaisha. Lakini ile miaka mitano ilimfaa yule ambaye mshahara wake unafika kila mwezi na makato yake yanafika yanakotakiwa. Asiyelipwa, ukimwongezea miaka mitano kazini umemwongezea miaka mitano ya kudai.

Hapo ndipo mfanyakazi wa serikali kuu na mfanyakazi wa kiwanda wanapoachana njia. Nitatoa mfano kwa kila mmoja.

Shemeji yangu ni mwalimu wa shule ya msingi upande wa Kendu Bay, kaunti ya Homa Bay. Kendu Bay ni mji wenye msikiti na Waislamu wa siku nyingi, na ndiko dada yetu alikoolewa. Ana miaka 57. Aliniambia kwa simu, "Shemeji, nimechoka na chaki. Nataka niondoke sasa, ninunue vizimba viwili vya samaki ziwani." Sheria inamruhusu, kwa kuwa chini ya mpango wa zamani wa pensheni mtumishi anaweza kuondoka kuanzia miaka 50. Nikamwambia, "Haya shemeji, lete kalamu tupige hesabu."

Tuseme mshahara wake wa msingi, bila marupurupu, ni shilingi 60,000 na ametumika miaka 30, yaani miezi 360. Katika mpango huo wa zamani, pensheni ni mshahara mara miezi ya utumishi, kisha unagawa kwa 480. Anapata 45,000 kwa mwezi. Akichukua robo yake kama kiinua mgongo, ile robo ya mwaka mzima huzidishwa mara 20, nayo ni shilingi milioni 2.7. Hapo hubakiwa na pensheni ya 33,750 kila mwezi.

Akivumilia hadi miaka 60 kwa mshahara uleule, miezi inakuwa 396. Kiinua mgongo kinafika milioni 2.97 na pensheni ya mwezi inakuwa 37,125. Kwa hiyo kuondoka leo kunamgharimu shilingi 26,250 kila mwezi kwa miaka mitatu, ikiwa ndiyo tofauti ya mshahara na pensheni. Baada ya hapo atakosa 3,375 kila mwezi maisha yake yote, pamoja na shilingi 270,000 za kiinua mgongo.

Je, vizimba viwili vitamletea zaidi ya 26,250 kwa mwezi? Huenda vikaleta. Ila ngege wa vizimba hukaa miezi kadhaa kabla ya kuvuliwa, chakula chao ni ghali, na Ziwa Victoria limewahi kugeuka maji yakakosa hewa, samaki wakafa kwa wingi kwa siku chache. Sikumwambia asiondoke. Nilimwambia aanze kizimba kimoja angali na mshahara. Kikimshinda ana pa kurudi, na kikimfaa ataondoka akijua anaelekea wapi. Wahenga walisema mchama ago hanyele, huenda akauya papo.

Ninachotaka msomaji akione ni kwamba shemeji ana hiari ya kweli. Fomula yake inajulikana, mlipaji wake anajulikana, na hata kama malipo ya kwanza ya pensheni huwachelewesha wastaafu wengi, deni lenyewe halina ubishi.

Sasa twende Awendo. Fundi wa kiwanda hana fomula ile. Ana vitu vitatu: akiba yake ya NSSF, mpango wa pensheni wa kampuni kama upo, na haki zake chini ya Sheria ya Ajira ya mwaka 2007. Sheria hiyo inasema mfanyakazi akipunguzwa kwa sababu kazi yake haihitajiki tena, lazima apewe ilani ya mwezi mmoja au zaidi, au alipwe badala yake. Alipwe pia siku za likizo ambazo hakuzichukua, na fidia isiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliomaliza. Fundi mwenye miaka 26 kazini na mshahara wa 30,000, tukihesabu mwezi kuwa siku 30, fidia yake ni 15,000 mara 26, yaani shilingi 390,000. Hiyo ni mishahara ya miezi 13.

Si pesa za kumfikisha mtu wa miaka 54 uzeeni, lakini ni pesa. Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi: fidia hiyo ni ya anayepunguzwa, si ya anayejiuzulu. Ukiandika barua kwa hasira kwa kuwa mishahara imelimbikizwa na umechoka kungoja, miezi hiyo 13 umeiacha mezani. Malimbikizo yako utayadai, ila fidia ya kupunguzwa huna tena.

Jambo la pili ni mkataba mpya. Mwajiri mpya akikuita, usiulize mshahara peke yake. Uliza kama ile miaka yako 26 inaendelea au unaanza sifuri. Ikiwa unaanza sifuri, basi ya nyuma yalipwe kwanza. Ukitia saini kabla ya hapo, utajikuta na waajiri wawili, kila mmoja akikwambia kamuulize mwenzio.

Jambo la tatu ni kuhama. Watu hudhani aliyevuka miaka 50 hana soko. Kwa kazi za ofisi huenda ikawa kweli. Lakini anayejua kuendesha boila au kukarabati mtambo wa kukamua miwa ana ujuzi unaotafutwa. Ndhiwa, kaunti ya Homa Bay, kuna Sukari Industries, na ng'ambo ya mpaka wa Narok kuna Transmara. Mtu kama huyo anaweza kuhama akafanya kazi miaka sita iliyobaki. Tatizo ni namna ya mkataba. Ukiwa wa msimu bila makato ya uzeeni, umepata chakula cha leo tu. Tangu Februari 2023 sheria mpya ya NSSF inamtaka mwajiri aweke asilimia 6 na mfanyakazi asilimia 6. Kwa miaka sita hicho si kitu cha kudharau, mradi kiwe kinafika kweli.

Kinafika? Hilo ndilo donda. Mamlaka ya Mafao ya Uzeeni imelalamika mwaka baada ya mwaka kuhusu waajiri wanaokata mishahara ya watu kisha hawaziwasilishi pesa kwenye mifuko ya pensheni. Taasisi za umma zimo, na serikali za kaunti zimo, Mombasa yetu ikiwa mojawapo. Mfanyakazi anaona makato kwenye payslipu yake anatulia, kumbe yanaishia hapohapo. Anakuja kujua siku ya kuondoka, siku ambayo hana tena uwezo wa kugoma.

Ndiyo maana mwenye miaka 50 na ushei, awe Awendo, Homa Bay mjini au Kilindini, namshauri afanye mambo manne kabla ya kuamua lolote. Achukue taarifa ya akaunti yake NSSF na kwenye mfuko wa pensheni wa kazini, asome mwezi kwa mwezi, na aandike barua kwa kila mwezi uliopotea. Ajue deni lake la Sacco, maana litakatwa kwenye malipo yake, na ajue amemdhamini nani na nani amemdhamini yeye. Ahesabu gharama za nyumba kwa miezi kumi na minane bila mshahara, kwa sababu pensheni huchelewa na muwa wenyewe, ukiupanda leo, huchukua takriban muda huo kukomaa. Na bima ya afya ya SHA aiweke kwenye hesabu. Asiye na mshahara hulipa kulingana na hali ya nyumba yake, kuanzia shilingi 300 kwa mwezi, na hutakiwa kulipa za mwaka mzima.

Wapo watakaosema serikali ina Inua Jamii. Ni kweli, shilingi 2,000 kwa mwezi. Lakini huanza ukifika miaka 70. Anayeachishwa akiwa na 54 ana miaka 16 ya kupita katikati, na katika miaka hiyo ndipo binti yuko chuoni na mzee wa familia anahitaji dawa.

Kwa serikali nina neno moja. Kukodisha kiwanda huenda kukawa na faida zake. Mitambo iliyolala ikiamka, mji wa Awendo utaamka nayo. Lakini utaratibu uwe huu: malimbikizo ya mishahara yalipwe, makato ya pensheni yawasilishwe, kila mfanyakazi apewe hesabu yake kwa maandishi, kisha ndipo aulizwe anabaki au anaondoka. Kufanya kinyume ni kumlazimisha mzee achukue lolote atakalopewa, kwa vile afadhali kenda shika kuliko kumi nenda uje. Na aliyemfikisha hapo ndiye aliyezishika zile kumi.

Kwetu Pwani, tusingoje zamu yetu. Bandari ikizungumziwa ukodishaji, hoteli ikibadilisha mwenyewe, kaunti ikitaka kupunguza watu, swali la kwanza la vyama vya wafanyakazi lisiwe nani atabaki. Liwe deni la kila mtu ni kiasi gani na litalipwa tarehe ngapi. Hilo likijibiwa, mtu wa miaka 54 anaweza kukaa na mkewe na wanawe akaamua kwa utulivu kama nguvu alizonazo bado ni za kazi, za shamba, au za kupumzika.