Kadi ya baba haijengi jina la binti

Binti mmoja wa Makutano, mjini Meru, alinijia juma lililopita akiwa amenuna. Kwa miaka minne amekuwa akinunua vitu kwa kadi ya mkopo ya ziada ambayo babake, mwalimu mstaafu, alimwombea katika benki yake. Kila mwisho wa mwezi mzee alilipa bila kuchelewa. Sasa binti ameajiriwa, akaomba kadi yake mwenyewe, na benki ikamkatalia.

"Mimi na baba tumelipa vizuri miaka hii yote," akalalamika. "Mbona wananiona kama mgeni?"

Kwa benki, yeye ni mgeni kweli. Kadi ya ziada humruhusu mtu kutumia, lakini deni ni la mwenye akaunti, na sifa ya kulipa ni yake pia. Binti angetumia ovyo, mzee ndiye angedaiwa. Kule Marekani, kampuni nyingi za kadi huandika habari hizo hata katika rekodi ya yule aliyeongezwa, ndiposa wazazi huwaongeza wana wao mapema. Hapa kwetu usitegemee hayo.

Nchini Kenya, rekodi za wakopaji huwekwa na mashirika yenye leseni ya Benki Kuu, yaani TransUnion, Metropol na Creditinfo. Shirika la kwanza lilipata leseni mwaka wa 2010. Wengi hudhani CRB ni daftari la wakosaji tu. La hasha! Tangu kanuni za 2013, anayelipa vyema huandikwa pia. Benki ikifungua faili lako ikute ni tupu, haina njia ya kujua kama wewe ni mlipaji.

Lakini afadhali faili tupu kuliko lililochafuka. Kijana mmoja wa Embu alikopa sh2,000 kwa simu akiwa chuoni, akabadilisha laini, akasahau. Alipoomba mkopo wa pikipiki, deni lile lilikuwa likimngoja. Alilipa siku hiyo hiyo, lakini habari ya kuchelewa kwake yaweza kukaa katika rekodi miaka mitano tangu alipolipa.

Binti nilimshauri aanze kidogo. Achukue mkopo mdogo katika benki anakopitishia mshahara, alipe kila mwezi kwa wakati, kisha aombe tena kadi, ya kiwango cha chini.

Nanyi wengine, itisheni ripoti zenu. Sheria inakupa moja bure kila mwaka. Ukikuta deni usilolijua, lalamika upesi kabla hujaenda kukopa. Wanafunzi wanaosoma kwa mkopo wa HELB wakumbuke kwamba deni hilo nalo huwafuata hadi CRB wakilipuuza.

Binti aliondoka akisema ataanza mwezi huu. Haba na haba hujaza kibaba.