Masika Si Machipuo

Kuna kosa linalofundishwa katika shule zetu ambalo mimi, mtu wa miaka 70 na ushei, siwezi kuendelea kulinyamazia. Niliwahi kuwa mwalimu mkuu, kisha nikawafundisha walimu chuoni hadi nilipostaafu, kwa hiyo nasema juu ya nyumba ninayoijua vyumba vyake. Mtoto wa Temeke au Kinondoni hufundishwa kwamba mwaka una majira manne, naye huyakariri: masika, kipupwe, vuli na kiangazi. Hadi hapo sina ugomvi. Ubaya huanza pale mwalimu anapochora safu mbili ubaoni. Masika huwekwa mkabala na yale majira ambayo theluji ya Ulaya huyeyuka na maua kuchanua. Vuli huwekwa mkabala na yale ambayo majani ya miti yao hupukutika. Mtoto ananakili, anapata alama zote, na anarudi nyumbani hajui majira ya Ulaya wala ya kwao.

Mwaka jana mjukuu wangu wa darasa la nne aliagizwa kuchora picha ya masika. Alichora jua linalocheka, kipepeo, maua mekundu, na mtoto aliyeshika kamba ya mbwa juu ya majani mabichi. Wakati anachora ilikuwa mwezi wa Aprili, na maji yalikuwa yamefika kwenye kizingiti cha jiko letu hapa Toangoma. Daftari lilirudi na alama ya vema. Sitaitaja shule, kwa sababu jambo hili si la shule moja. Mwalimu yule naye alifundishwa hivyo, na kitabu alichoshika kilitafsiriwa na mtu aliyekuwa na haraka kuliko uangalifu.

Hebu tuyatazame mambo yenyewe. Hapa pwani masika huanza Machi na kumalizika Mei, na Aprili ndio mwezi wa mvua kubwa kupita yote. Upepo wa kaskazi hulegea, huja maleleji, kisha kusi hushika. Kuanzia Juni hadi Agosti ni kipupwe, wakati wa ubaridi na anga safi. Oktoba hadi Desemba huja vuli, mvua ndogo. Halafu ni joto kali la Januari na Februari, kaskazi ikivuma. Mwaka wetu basi unaendeshwa na pepo mbili na mvua mbili. Pepo hizo ndizo zilizoleta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi na kuyarudisha kwao, na ndizo zilizotupa majina ya pande za dunia: kaskazini na kusini. Watu waliouita upande wa dunia kwa jina la upepo wa msimu hawakuhitaji kuazima majira kwa mtu.

Mwaka wa Ulaya huendeshwa na kitu kingine, nacho ni jua. Mjini Stockholm, mwezi wa Desemba, jua huonekana kwa saa 6 tu kwa siku. Mwezi wa Juni huonekana kwa saa 18 na zaidi. Dar es Salaam, iliyo karibu na nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, tofauti kati ya siku ndefu kuliko zote na fupi kuliko zote haifiki hata saa moja. Vipi basi mambo mawili yasiyo na asili moja yapewe jina moja?

Na kama mtu ataking'ang'ania kitabu cha jiografia, basi na akisome mpaka mwisho. Kitabu hichohicho kinafundisha kwamba machipuo yanapoanza kaskazini mwa Ikweta mwezi wa Machi, kusini mwa Ikweta huanza mapukutiko. Sisi tuko kusini. Kwa hesabu hiyo masika yetu yangelingana na mapukutiko, na vuli ndiyo ingelingana na machipuo! Safu zile mbili za ubaoni zimegeuzwa miguu juu, na hakuna aliyeziuliza.

Asiyeamini vitabu na atazame miti. Mbuyu wa Kunduchi au Msasani husimama uchi wakati wa ukavu kama mzee aliyevuliwa kanzu, na huvaa majani mapya vuli inapofika. Mikrismasi hushika moto wa maua mekundu Novemba na Desemba. Embe nazo huiva wakati huo. Yaani katika majira ambayo mtoto anaandika kuwa ni ya majani kuanguka, dirishani pake miti inachipua.

Nisieleweke vibaya. Siwaonei kijicho watu wa kaskazini furaha yao. Kijana wangu mmoja anaishi Uswidi, na kila mwaka hunipigia simu kunisimulia usiku wa tarehe 30 Aprili, ambapo Waswidi huwasha mioto mikubwa na kuimba kuaga baridi. Wazee hutoka, watoto hutoka, mbwa hutoka. Watu waliokaa miezi mitano ndani ya makoti wana haki ya kuimba. Hata mbayuwayu wanaowangojea kama dalili ya heri, wengi wao wametoka huku kwetu Afrika, ambako hukaa tangu Oktoba na kuondoka Machi na Aprili. Lakini usiku huohuo wa mioto, sisi hapa tunachota maji sebuleni kwa ndoo. Atakayeniambia kwamba mimi na kijana wangu tunasherehekea majira ya jina moja, na aje anishikie ndoo.

Furaha yetu ipo, ila tarehe yake ni nyingine. Huja mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni, asubuhi moja ambayo mtu huamka na kugundua kwamba bati limenyamaza. Kusi inavuma kavu. Mke wangu hutoa magodoro yote nje, na mito, na viatu vilivyoota ukungu, na vitabu vyangu ambavyo kurasa zake zimeshikana. Wajukuu hupelekwa kufukia madimbwi yaliyozaa mbu. Mbwa wetu, Chui, ambaye kwa wiki nane amelala chini ya baraza akinuka gunia lililoloa, hutoka, hujinyoosha, kisha hukimbia kuzunguka nyumba mara tatu bila sababu yoyote. Jirani yangu, ambaye kwa dini yake hataki pua ya mbwa iguse kanzu yake, humsalimia kutoka ng'ambo ya ua: "Chui, na wewe umeona jua?" Tunapanda mlimani sote, wazee kwa watoto, mbwa mbele, kutazama njia ipi imekatika na mihogo ya nani imesalimika.

Baada ya hapo machungwa hujaa sokoni. Asubuhi kipimajoto hushuka hadi nyuzi 19 au 18, vijana wa bodaboda huvaa makoti ya kiume kwelikweli, na kina mama huwafunika watoto wachanga khanga mbili. Kijana wangu akija likizo kutoka Uswidi hutucheka: "Baba, hii nayo baridi?" Namjibu kwamba kila nchi na baridi yake.

Hiyo ndiyo picha niliyotaka mjukuu wangu aichore. Ina jua, ina majani, ina hata mbwa. Jina lake ni kipupwe, na ladha yake yote inatokana na masika iliyotangulia. Ukimwambia mtoto kwamba masika yenyewe ndiyo hiyo raha, umemnyang'anya dhiki na faraja kwa pamoja.

Wazee wetu walikuwa na akili zaidi yetu katika jambo hili. Waajemi wana sikukuu ya siku mpya, ambayo kwao huangukia karibu na tarehe 20 au 21 Machi, usiku na mchana vinapolingana. Ni sikukuu ya machipuo hasa. Sikukuu hiyo ilifika pwani yetu zamani, wazee wakaiita Nairuzi, au Siku ya Mwaka. Kuanzia siku hiyo walihesabu siku 365 kwa mafungu ya siku kumi kumi yaitwayo miongo. Kwa miongo mkulima alijua lini apande, na nahodha alijua lini ang'oe nanga. Kwa kuwa hesabu hiyo haina siku ya nyongeza kila mwaka wa nne, Nairuzi husogea nyuma polepole, na siku hizi huangukia Julai, ndani ya kipupwe. Makunduchi, Unguja, bado huadhimishwa kwa jina la Mwaka Kogwa: wanaume huchapana kwa migomba, kibanda huchomwa moto, wanawake huimba. Tazama basi. Walipokea kalenda ya wageni, wakaitumia kuhesabu pepo zao na mvua zao. Hawakudai hata siku moja kwamba masika ya Unguja ni machipuo ya Uajemi.

Pengine msomaji anaona nakuza jambo, kwamba mzee mstaafu amekosa kazi. La hasha. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutangaza utabiri wake kwa majina haya haya: mvua za masika zitakuwa juu ya wastani, mvua za vuli zitakuwa chini ya wastani. Mtu aliyefundishwa kwamba vuli ni majani makavu ya Ulaya atalisikiaje tangazo hilo? Mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu wapatao 40 hapa Dar es Salaam na kuwahamisha wakazi wa bonde la Msimbazi hadi Mabwepande, yalikuja katika majira ya vuli, hiyo mvua tunayoiita ndogo. Mwezi wa Aprili 2024 Waziri Mkuu aliliambia Bunge kwamba mvua kubwa na mafuriko yalikuwa yameua watu 155 nchini. Haya si mambo ya vipepeo.

Sisemi kwamba maskini aliyejenga bondeni alikosa somo la majira. Mara nyingi alikosa fedha ya kwenda kwingine, na hilo ni deni la serikali na la jamii nzima. Lakini wapo wenye fedha zao, waliosoma mpaka chuo kikuu, wanaonunua viwanja huko Boko, Tegeta, Mbagala na Chamazi wakiwa wamevikagua mara moja tu, tena mwezi wa Februari. Mwezi wa Februari kiwanja chochote ni kizuri. Mkondo umekauka, mchanga ni mweupe, dalali anatembea juu yake kwa viatu vya ngozi. Mzee wa kijiji angekwambia: rudi Aprili ukitazame. Ushauri huo hauhitaji shahada, unahitaji kujua Aprili ni nini.

Najua hoja watakayonijibu wenzangu wa lugha. Watasema lugha hukua kwa kupanua maana, na kwamba mtoto wa leo lazima aijue dunia. Nakubali yote mawili. Mtoto na afundishwe machipuo ya Ulaya na sababu zake: dunia iliyoinama, siku inayorefuka, theluji inayoyeyuka. Tena afundishwe vizuri kuliko anavyofundishwa sasa. Na maneno tunayo. Machipuo na mapukutiko ni Kiswahili safi, yanaeleza kinachotokea, na hayamdhuru mtu. Lakini neno lililobebeshwa mizigo miwili inayopingana haliwezi kukua. Litaanguka na mizigo yote. Mwacha mila ni mtumwa, na utumwa wa namna hii ni wa kipuuzi, kwa sababu hata bwana hakuuomba. Hakuna Mswidi aliyetutaka tuyaite machipuo yake masika.

Kwa hiyo nadai mambo matatu, nayo si ya gharama. Kwanza, waandishi wa vitabu vya shule watenganishe majina. Masika, vuli, kipupwe, kiangazi, kusi na kaskazi yabaki kuwa ya hapa. Machipuo na mapukutiko yawe ya huko. Pili, kila shule ya msingi iwe na kipimamvua. Kopo lenye pande zilizonyooka na rula ya mtoto vinatosha: kina cha maji kwa milimita ndicho kipimo cha mvua. Darasa likiandika tarakimu hizo kila asubuhi kwa miaka mitatu, halitahitaji kukariri majira. Tatu, walimu waache kuwaimbisha watoto wadogo nyimbo za kigeni za kuifukuza mvua. Wenye nyimbo hizo walikuwa na mvua ya kutosha hata ikawachosha. Sisi tunakula ugali na wali unaotokana na masika. Mtoto amshukuru mgeni huyo, amwogope inavyostahili, na ajue tarehe ya kumwaga.

Na shule inayotaka sherehe na ifanye sherehe, siku ya kwanza kavu ya mwezi wa Juni. Watoto waanike madaftari yaliyoloa, wafukie madimbwi, wale machungwa, wapande mlima ulio karibu. Anayefuga mbwa na aje naye.