Mchochezi Huukuta Moto Unawaka

Neno ninalotaka kulisemea leo ni uchochezi. Nalisemea kwa sababu niliwahi kulitumia kwa dhuluma mimi mwenyewe, nikiwa mwalimu kijana, na kwa sababu naona bado linatumika hivyo na watu wenye mamlaka makubwa kuliko niliyokuwa nayo.

Aliyelelewa kwenye jiko la mafiga hahitaji kamusi ili kulielewa. Yupo anayekoka moto, yaani anayezipanga kuni na kuziwasha. Yupo anayepalia makaa juu ya mfuniko ili wali ukauke vizuri. Yupo anayepuliza mpaka machozi yamtoke. Na yupo anayechochea: kuni zimeliwa ncha, moto umeanza kufifia, naye anazisukuma ndani kati ya mafiga ili ziendelee kuwaka. Hakuna achocheaye jiko baridi. Kitenzi chenyewe kinakiri kwamba moto ulikuwapo, na kwamba aliyeukoka ni mwingine. Jambo hili dogo ndilo tunalolisahau kila tunapomnyoshea mtu kidole na kumwita mchochezi.

Lugha yetu si maskini wa maneno ya jirani na hili, na kila moja lina kazi yake. Mchokozi huanzisha ugomvi wake mwenyewe na huwa tayari kupigana. Mchochezi husimama kando, wakapigana wengine. Chokochoko ina sura ya kijiti kinachochokoa pangoni, ndiyo maana wahenga wakatuambia chokochoko tumchokoe pweza, binadamu hatumwezi. Mchonganishi hubeba maneno kwa huyu na kuyapeleka kwa yule yakiwa yamechongwa ncha. Fitina tumeipokea kutoka Kiarabu, na huko wanaleksikografia wa kale waliihusisha na kuyeyusha dhahabu motoni ili iliyo safi itengane na takataka. Kwa hiyo hata neno hili, ambalo kwetu limebaki na harufu ya umbeya tu, lilipitia tanuruni. Ama mtu anayeleta moto mahali ambapo haukuwapo kabisa, neno linalomfaa ni kupekecha: kukizungusha kijiti juu ya kipande cha mti mkavu mpaka moshi utoke. Wazee walilitumia pia kwa wenye kuwavuruga watu waliokuwa wakipatana. Ningefurahi kuliona likirudi magazetini.

Sarufi haina lawama katika ubaya wa uchochezi. Kiambishi kilichomzaa mchochezi ndicho kilichotupa mlezi, mwokozi na mkombozi. Hata kitenzi chenyewe kinaheshimiwa: kila siku twasikia kwamba mradi fulani utachochea maendeleo, kwamba barabara itachochea biashara, na hakuna anayeitwa kituoni kuandika maelezo. Kiongozi akichochea husifiwa. Raia akichochea hushitakiwa. Tofauti haimo katika neno, imo kwa mwenye kulitamka.

Tatizo kubwa zaidi ni kwamba neno hili moja limebebeshwa mizigo miwili ambayo Kiingereza, tulikorithi sheria zetu, huitenga kwa maneno mawili. Mzigo wa kwanza ni kuwahimiza watu wawadhuru wenzao. Wa pili ni kusema au kuandika jambo litakalowafanya watu waichukie serikali au waidharau. Mji mmoja wa Arusha umesikia mashauri ya aina zote mbili.

Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda ilikaa hapo, na tarehe 3 Desemba 2003 iliwatia hatiani watu watatu waliohusika na redio ya RTLM na gazeti la Kangura. Huko watu waliitwa mende kabla ya kuuawa. Uchochezi wa namna hiyo ni uchochezi hasa, nami sina huruma nao.

Mahakama ya Afrika Mashariki nayo ina makao yake katika mji uo huo. Mwezi Machi 2019 iliamua kwamba vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya Tanzania ya mwaka 2016, vikiwamo vya uchochezi, vinakwenda kinyume cha Mkataba wa Jumuiya. Huo ulikuwa ule mzigo wa pili, wenye asili katika sheria za mkoloni, aliyekuwa na kila sababu ya kuogopa kuchukiwa. Wakenya walikwisha kuliondoa kosa hilo katika sheria zao mwaka 1997, na baada ya damu iliyomwagika kufuatia uchaguzi wa 2007 wakatunga sheria inayolenga matamshi ya chuki kati ya jamii na jamii. Naona walitenganisha vyema. Sisi bado tunamwita kwa jina moja anayetaka jirani achinjwe na anayeuliza fedha za kisima zimekwenda wapi.

Ningependekeza tulibakize neno uchochezi kwa yule wa kwanza. Wa pili, kama ni lazima apewe jina, aitwe mlalamishi, mpinzani, hata mkashifu akizidi mpaka. Majina hayo hayapendezi, lakini angalau msikilizaji atauliza: analalamikia nini?

Swali hilo sikuliuliza mwaka 1988. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu miaka michache tu, nikifundisha Kiswahili katika shule ya bweni ambayo sitaitaja. Kijana wa kidato cha tatu alisimama bwaloni wakati wa chakula cha jioni, akainua sahani yake ya maharage, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba yana wadudu na kwamba yeye hatayala. Meza yake ikaacha kula, kisha ya pili, kisha bwalo zima. Niliamriwa kuandika taarifa. Niliandika kurasa mbili kwa mwandiko mzuri, na nikajivuna kwa kulipata neno ambalo lingetosha peke yake: mwanafunzi huyu ni mchochezi. Wajumbe wa bodi waliposoma hapo hawakuhitaji kuendelea. Alifukuzwa wiki ile ile, akafunga sanduku lake mchana kweupe wenzake wakiwa darasani kwangu wakijifunza, kama nakumbuka vyema, ngeli za majina.

Kuhusu maharage taarifa yangu haikusema kitu. Nami nilikuwa mwalimu wa zamu siku ile. Niliyaonja jikoni kabla ya kengele kupigwa, na sahani yangu niliirudisha ikiwa imejaa.